Kompyuta ilijifunza bao, lakini si kutoka kwetu

Kama una iPhone, kuna siku rafiki alikutumia gemu ya Mancala ndani ya GamePigeon. Mashimo sita yako, sita yake, na shimo moja kubwa kila upande la kuwekea mavuno. Unachota, unasambaza, unakula, dakika tano mmemaliza. Mtu akikuuliza hiyo gemu ni ya wapi utajibu mbio: ya Afrika, bana. Na utajibu kwa maringo kidogo.

Jibu lako ni kweli, lakini nusu tu. Ile nusu nyingine ni stori ya jinsi michezo ya jamii ya bao ilivyoingia kwenye kompyuta, nani aliiingiza, na sheria za nani zilitumika. Ni stori ya miaka 60 hivi. Inapita California, Amsterdam na Maastricht kabla ya kutufikia sisi hapa. Nataka tuipitie yote, kwa sababu mwisho wake haujaandikwa, na safari hii kalamu iko karibu na sisi kuliko zamani.

Kwanza, bao lenyewe

Ukienda Hyrax Hill, pale Nakuru, utaona safu za mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba. Ni bao. Mary Leakey alichimba eneo hilo kuanzia 1937, na zile mbao za mawe ziko pale hadi leo, mtu yeyote anaweza kwenda kuziangalia. Kwa hivyo tusidanganyane ati mchezo huu ni wa Pwani pekee. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui. Vuka mpaka, Waganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro. Ni ukoo mmoja, lakini kila nyumba ina desturi zake.

Lile la Waswahili, linalochezwa Lamu, Mombasa, Zanzibar na kwingineko, ndilo wataalamu wengi huliweka juu kabisa kwa ugumu. Ubao una safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Kete ni 64, na kwa desturi ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zinazoteleza mkononi. Wewe una safu mbili, mwenzako mbili. Lakini hamwanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja anaweka 10: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake. Zile 22 zinabaki pembeni, unaziingiza moja moja kila zamu yako. Hiyo ndiyo hatua ya namua. Zikiisha, mnaingia mtaji, ambapo unachota kete zilizo ubaoni tayari na kuzitembeza.

Ukiweza kula, lazima ule. Ukila, kete za mwenzako haziendi mfukoni. Unazisambaza kwenye safu zako, kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari inaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Mpinzani akikosa kete hata moja kwenye safu ya mbele, basi, umemfunga. Kuna mambo ya kutakata, ya kutakasia, na zile sheria maalum za nyumba ambazo humchanganya kila anayeanza. Kwa hivyo wanaoanza wengi hupewa kwanza bao la kujifunza, mbili mbili kila shimo, waanze polepole.

Shika jambo moja hapo, maanake tutalirudia: kwenye bao la Kiswahili, kete zikishaingia ubaoni hazitoki tena. Zinahama tu, leo zako, kesho zangu.

Mmarekani na hati yake

Sasa twende Marekani. Kulikuwa na mtu anaitwa William Julius Champion. Karibu mwaka 1940 alitengeneza toleo lake la mchezo wa jamii hii, akaliita Kalah. Safu mbili tu, mashimo sita kila upande, na shimo kubwa mwishoni ambapo kete ulizopata zinakaa hadi hesabu ya mwisho. Miaka ya 1950 alichukua hati za kumlinda kisheria, na 1958 akawa na kampuni ya kuuza mbao za Kalah huko Massachusetts.

Mimi sina ugomvi na marehemu. Alipenda mchezo, akaurahisisha, akauza, watoto wa shule huko wakafurahia. Hakuna mtu alikuja Lamu kunyang'anya mzee ubao wake. Lakini angalia kilichofuata. Kalah ilikuwa na mambo manne ambayo michezo yetu haikuwa nayo: jina moja, sheria moja iliyoandikwa, kijitabu cha maelezo, na sanduku dukani. Mtu wa kompyuta akitaka mchezo wa mashimo na kete, atachukua upi? Atachukua ule ambao sheria zake zinaenea kwenye karatasi moja.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Stanford, 1964

Mwaka 1964 ulikuwa na mambo mengi huku kwetu. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari, Tanganyika na Zanzibar zikaungana Aprili, na Desemba Kenya ikawa jamhuri. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Stanford, kwenye mradi wa akili unde uliokuwa chini ya John McCarthy, Richard Russell aliandika ripoti kuhusu programu ya kompyuta inayocheza Kalah.

Hebu pima hiyo. Wakati huo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Watafiti walikuwa wanatafuta michezo midogo ya kuifundishia jinsi ya kufikiria mbele: nikicheza hivi, yeye atacheza vile, nami nitajibu hivi. Sataranji ilikuwa kubwa mno. Kalah ilikuwa saizi nzuri. Miaka michache baadaye James Slagle na John Dixon wakaitumia hiyo hiyo Kalah kupima njia za kompyuta za kuchagua ni hatua zipi zifuatiliwe na zipi ziachwe. Njia za aina hiyo ndizo zilikuja kubeba programu za sataranji kwa miongo.

Kwa hivyo binamu wa bao alikuwepo darasani tangu akili unde ikiwa mtoto. Shida ni kwamba aliandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Aliyesoma zile ripoti za Stanford hakuwa na sababu yoyote ya kumfikiria mzee aliyekaa barazani Lamu, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anafanya hesabu ngumu zaidi bila umeme na bila karatasi.

Na Kalah haikuchukua muda kuisha siri. Mwaka 2000, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba ukianza na kete nne kila shimo, anayetangulia anashinda akicheza bila kosa. Hiyo ndiyo maana ya mchezo "kutatuliwa": kompyuta inajua jibu hata kabla hamjakaa chini.

Amsterdam, 2002: kutoka mwisho kurudi mwanzo

Tuje sasa kwa ndugu wa Afrika Magharibi, oware, ambao Ghana ni kama mchezo wa taifa. Watu wa kompyuta wameuita awari. Mashimo 12, kete 48. Unakula pale kete yako ya mwisho inapofanya shimo la mwenzako liwe na kete mbili au tatu.

Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, waliutatua. Njia yao ni tamu kuieleza. Hawakuanza mwanzo wa mchezo. Walianza mwisho. Ukiwa na kete moja tu ubaoni, ni rahisi kujua nani atashinda. Andika majibu yote. Sasa chukua hali zote za kete mbili: nyingine zinaishia kwa kula, na ukila unarudi kwenye hali ambayo jibu lake umeshaliandika. Halafu kete tatu. Halafu nne. Unapanda ngazi hivyo hadi 48.

Ngazi hiyo ilikuwa na hali 889,063,398,406. Karibu bilioni 889. Waliunganisha mashine zenye prosesa 144, zikafanya kazi kwa saa 51. Jibu? Sare. Wote wawili wakicheza bila kosa, hakuna mshindi.

Lakini kuna kitu kidogo ambacho watu huruka wakisimulia hiyo stori. Oware ina swali ambalo kila mahali lina jibu lake: je, hatua moja ikiweza kuzoa kete zote za upande wa mpinzani, inakuwaje? Kuna mahali hiyo imekatazwa. Kuna mahali unaruhusiwa kucheza lakini huli kitu. Kuna mahali unakula zote ila shimo moja. Wazee wa kijiji kimoja wanajua yao, wa kijiji jirani yao. Kompyuta haiwezi kuanza kazi na "inategemea". Ni lazima mtu akae kwenye kibodi achague. Jibu la sare ni jibu la sheria iliyochaguliwa. Badilisha sheria hiyo moja na umebadilisha swali zima.

Kwa nini bao lilikataa

Sasa utauliza, kama Kalah imekwisha na awari imekwisha, bao je?

Kumbuka kile nilikuambia ushike. Kwenye Kalah na awari, ukila, kete zinatoka mchezoni. Ubao unapungua. Ndiyo maana Romein na Bal waliweza kupanda ngazi kwa idadi ya kete. Kwenye bao la Kiswahili, ukishaingia mtaji, kete ni 64 leo, 64 kesho, 64 hadi mtu afungwe. Hakuna ngazi ya kupanda. Kila hali inaweza kukurudisha kwenye hali nyingine ya kiasi kilekile.

Na ukubwa wenyewe? Ukihesabu njia zote za kugawa kete 64 kwenye mashimo 32, unapata namba yenye 1 na sifuri 25 hivi nyuma yake. Ukiilinganisha na zile bilioni 889 za awari, ni zaidi ya mara trilioni kumi. Si hali zote hizo hutokea kwenye mchezo halisi, lakini umeona ukubwa wa msitu.

Halafu kuna safari isiyoisha. Kwa vile hatua moja inaendelea kila kete ya mwisho inapopata shimo lenye kete, kuna mpangilio ambao hatua hiyo haikomi kabisa. Inazunguka na kuzunguka. Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alex de Voogt walichapisha makala kuhusu jambo hilo hasa mwaka 2006: hatua za bao zisizokoma. Kwa binadamu, hiyo si balaa. Mtu atachoka, mtacheka, mtakubaliana. Kwa programu ni balaa, maanake itakaa hapo ikizungusha hadi betri ife, isipokuwa mwandishi wake awe ameiambia mapema cha kufanya.

Donkers na Uiterwijk, wakiwa Maastricht, walikuwa tayari wamewasilisha mwaka 2002 kazi yao juu ya kuandikia kompyuta programu ya bao. Hao walikuwa wanaongelea bao letu kwa jina lake. Donkers aliendelea kulitumia kupima wazo zuri sana: je, kompyuta inaweza kucheza vizuri zaidi ikimsoma mpinzani, badala ya kudhani kwamba mpinzani hakosei kamwe? Yaani kile ambacho bingwa yeyote wa barazani hufanya bila kufundishwa. Anakuangalia, anajua wewe una tamaa ya nyumba, anakutegea hapohapo.

Na ilikuwaje Uholanzi wakajua bao kiasi hicho? Kwa sababu mtu alikuja akakaa chini. Alex de Voogt alijifunza kwa mabingwa wa Zanzibar, akarekodi michezo yao kwa alama za maandishi, na 1995 akatetea tasnifu yake Leiden kuhusu umahiri wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Swali lake lilikuwa, mtu anawezaje kubeba kichwani hatua inayozunguka ubao mzima, inayobadilisha mashimo karibu yote, na bado ajue itakapolala? Tofauti na sataranji, ambapo kipande kimoja kinahama na vingine vinatulia, kwenye bao hatua moja inapangua chumba kizima.

Hapo ndipo ninataka uone mstari. Stanford walipata Kalah kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Maastricht walipata bao kwa sababu de Voogt alikuwa ameliandika. Hakuna muujiza. Programu inajua kile ambacho mtu amekiandika, basi.

"Lakini siku hizi AI inajifunza yenyewe"

Najua kuna msee anasoma hapa akiwa na jibu tayari. Ataniambia, hizo stori za kurekodi wazee ni za zamani, siku hizi mashine haihitaji mwalimu.

Ana hoja. Mwaka 2016 AlphaGo, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilimshinda Lee Sedol 4 kwa 1 kwenye mchezo wa Go, huko Seoul. Hiyo ilikuwa imeanza kwa kusomea michezo ya binadamu iliyohifadhiwa. Lakini Desemba 2017 wakaleta AlphaZero, ambayo haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilipewa sheria tu, ikacheza na nafsi yake tena na tena, na kwa sataranji, shogi na Go ikawa kali kuliko programu zilizokuwa juu wakati huo.

Kwa hivyo kweli, mtu mwenye kompyuta nzuri anaweza leo kuiambia mashine sheria za bao, aende alale, na aamke apate mchezaji mkali ajabu. Bila mzee yeyote.

Lakini soma tena sentensi hiyo: kuiambia mashine sheria. Sheria zipi? Za Lamu au za Unguja? Nyumba inapoteza hadhi yake lini? Safari isiyokoma inahesabiwaje? AlphaZero haitakuuliza. Itakuwa bingwa wa kile ulichoiambia, na kama uliiambia vibaya, itakuwa bingwa wa mchezo ambao hakuna mtu amewahi kuucheza duniani. Na kwa vile itamshinda kila mtu, watu wataanza kudhani yenyewe ndiyo sahihi na babu yako ndiye alikuwa anakosea.

Jambo la pili. Angalia kilichotokea kwa wachezaji wa Go baada ya AlphaGo. Hawakutupa vitabu vyao. Walichukua programu wakaanza kusoma nayo: hapa mabingwa wa zamani walicheza hivi, mashine inasema vile, kwa nini? Waliweza kuuliza swali hilo kwa sababu Go ina rekodi za michezo za karne kadhaa. Mashine iliwapa kioo, lakini uso wa kuangalia walikuwa nao. Sisi tutaweka nini mbele ya kioo? Michezo mingi sana ya bao iliyowahi kuchezwa kwetu iliishia palepale barazani, mtu akasema "hamna", watu wakacheka, kete zikamwagwa, wakaanza upya.

Mfano wa Wakazakh, na gharama yake

Kuna ndugu zetu wa mbali kwenye ukoo huu ambao wamepanga mambo yao. Kazakhstan wana togyzkumalak, mashimo tisa kila upande, tisa tisa ndani, jumla kete 162. Wana sheria rasmi, wana mashirikisho, wana mashindano, wana njia ya kuandika kila hatua. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka mchezo huo, pamoja na wenzake wa Kirgizstan na Uturuki, kwenye orodha ya turathi zisizoshikika za binadamu.

Ninawapa heko. Lakini njia ya sheria moja rasmi ina gharama. Ukichagua sheria moja ya taifa, zile nyingine zinakuwa "za kijijini", halafu zinakuwa "za makosa", halafu zinapotea. Fikiria tukiamka kesho tuseme bao la Kenya ni hili moja. Nani anamwambia Mluo kwamba ajua ni bao lililokosewa? Nani anamwambia Mkikuyu giuthi ni toleo la watoto?

Na hapa programu inatupa kitu ambacho kitabu cha sheria na shirikisho haviwezi. Programu haihitaji kuchagua. Inaweza kubeba sheria za Lamu, za Unguja, za Siaya na za Narok, zote, kila moja na jina lake na mahali pake. Hii si ndoto. Maastricht, kuanzia 2018, mradi wa Cameron Browne uliofadhiliwa na Baraza la Utafiti la Ulaya umejenga mfumo unaoitwa Ludii, wenye michezo ya jadi zaidi ya 1,000 kutoka kila pembe ya dunia. Ndani yake kuna michezo mingi ya mashimo na kete, hata Bao la Kiarabu la Zanzibar. Kila mchezo umeandikwa kwa vipande vidogo vya sheria, kiasi kwamba ukibadilisha kipande kimoja una toleo la kijiji jirani.

Ni kazi safi. Lakini wametoa wapi sheria hizo? Sehemu kubwa ni kutoka vitabu na makala, nyingi zikiwa za wageni waliopita huku na daftari. Wapo wetu walioandika pia. M. B. Nsimbi wa Uganda, kwa mfano, alichapisha kazi yake juu ya omweso mwaka 1968. Lakini ni wachache. Kile ambacho hakuna aliyekiandika hakimo Ludii, hakimo kwenye simu yako, na AlphaZero ya kesho haitakibuni.

Kazi yenyewe si kubwa

Hii ndiyo sehemu inanipa moyo. Kile kilichomchukua de Voogt safari ya kutoka Ulaya, wewe unaweza kukifanya Jumapili ukienda kusalimia nyumbani.

Muulize mzee anayejua. Mwombe ruhusa. Weka simu juu ya ubao, iangalie mashimo, si nyuso. Rekodi mchezo mmoja mzima, kutoka kete ya kwanza hadi mtu afungwe. Halafu kaa naye umuulize maswali ambayo kompyuta ingeuliza: tunaanza na kete ngapi na wapi? Tunazunguka upande gani? Hatua inakoma lini? Nikiweza kula nikakataa, inakuwaje? Safari ikikataa kuisha, nyinyi hapa mnafanyaje? Na hili usisahau: andika maneno yao kama yalivyo. Jina la kila shimo, jina la kila hatua, kile wanachosema mtu akishindwa vibaya. Yale maneno ndiyo yanabeba namna ya kufikiri. Mtu anayesema "nyumba" na "safari" haoni ubao sawa na mtu anayesema shimo la tano na zamu ya kumi.

Kisha weka mchezo kwenye maandishi. Yape mashimo namba 1 hadi 8, safu ya mbele A, ya nyuma B, andika shimo lililochezwa, upande uliokwenda, kushoto au kulia, na kama nyumba ilisafirishwa au iliachwa. Hiyo tu. Kwa vile hakuna bahati ndani ya bao, hakuna dadu, mtu akiwa na orodha hiyo pamoja na sheria za mahali anaweza kuurudia mchezo mzima hata miaka mia baadaye, kete kwa kete. Mchezo mmoja unaingia kwenye ukurasa mmoja.

Na wewe unayeandika programu, uliye na laptop na unatafuta mradi wa kuonyesha watu: dunia ina gemu za kutosha za Kalah. Tuandikie ajua yenye maneno ya Kiluo. Tuandikie bao ambalo mtu anachagua kwanza anacheza sheria za wapi, na ambalo likikushinda linakuonyesha ulipokosea, ili mtoto wa Nairobi ambaye hana babu wa kumfundisha apate pa kuanzia. Weka sheria wazi, watu wasome, wasahihishe.

Rudi sasa kwa ile Mancala ya GamePigeon. Ukiingia utaona ina namna mbili za kucheza. Moja, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu upande wako unaweza kula. Ya pili, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachota tena na kuendelea, hadi ulale. Ile ya pili imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya maporomoko ya theluji.

Theluji, wasee. Safari ya kete, ambayo huku kwetu watu wameitembeza juani, chini ya miembe na kwenye baraza za Pwani, imefika kwenye simu zetu ikiitwa theluji. Si kwa sababu mtu alituonea. Ni kwa sababu siku ya kuandika jina, aliyekuwa kwenye kibodi alikuwa mtu anayejua theluji.